Nyuzi Sita

Mara ya nne Mama Sechelela Mahinyila alipopiga simu, hakusalimia.

"Mgongo unaniungua," alisema. "Na usiniambie tena kwamba skrini yako inasema niko salama. Skrini yako haina mgongo."

Nyemo Chilongani alikuwa ameshafungua ukurasa wa mama huyo. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha vipimo katika Taasisi, pale Dodoma, na mbele yake joto la kila nguzo liliingia kila baada ya sekunde tano. Nguzo ilikuwa kifaa chembamba cha chuma, urefu wa kidole, kinachopandikizwa chini ya ngozi pembeni mwa uti wa mgongo, pale ulipokatika. Ndani yake mlikuwa na prosesa ndogo iliyosoma amri kutoka ubongoni, ikazivusha mahali palipovunjika na kuzifikisha miguuni. Watu elfu nne na mia mbili, kutoka Iramba hadi Mpwapwa, walikuwa wanatembea kwa sababu ya kifaa hicho. Mama Sechelela, mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, alikuwa mmoja wao. Lori la mavuno lilimwangukia akakaa miaka miwili kitandani, na sasa alikuwa na mwaka wa nne tangu asimame.

"Naona thelathini na nane nukta sita, mama," Nyemo alisema. "Kifaa kinajizima chenyewe kikifika arobaini na mbili. Bado uko mbali. Labda ni misuli. Umeinama sana shambani?"

"Nimeinama miaka hamsini. Kuinama nakujua." Sauti ya mama ilishuka. "Binti, wewe umeshawahi kuungua?"

"Ndiyo. Jikoni."

"Ulimwuliza mtu kama umeungua?"

Simu ikakatwa.

Alibaki anaitazama rangi ya kijani kwenye skrini. Kisha akafungua kumbukumbu za simu tatu zilizotangulia. Zote alizipokea yeye, na chini ya kila moja alikuwa ameandika maneno mawili: Hakuna tatizo. Aliyasoma mara tatu. Mama huyu hakuwa mtu wa kulalamika. Katika miaka mitatu ya kwanza hakuwahi kupiga simu hata siku moja, na sasa alikuwa amepiga mara nne ndani ya mwezi mmoja.

Kwa kawaida chumba cha vipimo kilionyeshwa namba zilizokwisha kusafishwa na programu. Nyemo alikuwa na ruhusa ya kuona namba ghafi, zile zinazotoka kwenye nguzo kabla hazijaguswa, ila hakuwahi kuona sababu ya kuzitafuta. Siku hiyo alizitafuta. Akavuta za Mama Sechelela, za wiki nzima, akaanza kushuka nazo mstari kwa mstari.

Alfajiri ya Jumanne, saa kumi na moja na dakika nane, mama akiwa bado amelala, nguzo yake ilisoma thelathini na tatu nukta nne.

Nyemo aliirudia namba ile. Kwenye skrini yake ya kila siku, dakika ileile, palikuwa pameandikwa thelathini na saba. Kumbe programu ilikuwa na amri ya kutoonyesha chochote kilicho chini ya hapo.

Mwili wa mtu hai una nyuzi thelathini na saba. Kitu kilichozikwa ndani ya mwili huo, tena kinachofanya kazi, hakiwezi kuwa cha baridi kuliko mwili wenyewe. Ama Mama Sechelela alikufa alfajiri ile akafufuka, ama kipimo kilikuwa kinasema uongo.

* * *

Asubuhi iliyofuata alichukua pikipiki mpaka Mpunguzi, na begani alikuwa na kipimajoto cha maabara, kile cha waya, ambacho hakikuunganishwa na mtandao wa mtu yeyote. Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua, na kufika saa tatu ardhi ilikuwa imeshaanza kurudisha moto kwenye nyayo.

Alimkuta Mama Sechelela amekaa kwenye kigoda chini ya paa la nyasi, mizabibu imejipanga mbele yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekomaa kwa mkasi wa kupogolea, kitambaa cheusi kichwani.

"Mbukwenyi, mama," Nyemo alimsalimia kwa Kigogo.

"Umekuja kuniambia ni misuli?"

"Nimekuja kupima."

Mama akageuka na kupandisha blauzi. Nyemo akaziba mdomo kwa mkono. Kando ya uti wa mgongo, juu kabisa ya nguzo, ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya ini, na katikati palikuwa na malengelenge mawili, moja limepasuka. Aliushika waya wa kipimajoto, akaulaza pembeni ya jeraha, akasubiri namba itulie.

Arobaini na tatu nukta nane. Na hiyo ilikuwa ngozi. Ndani kulikuwa na joto zaidi.

Akatoa simu, akafungua ukurasa wa mama. Kijani. Thelathini na nane nukta tisa.

"Inasemaje?" mama aliuliza, bado amempa mgongo.

Kwa sekunde moja Nyemo alitamani kusema jambo laini. Aliuhisi ulimi wake ukijiandaa, kwa mazoea ya miaka sita ya kutuliza watu kwa simu.

"Inasema unaungua," alisema. "Kifaa chetu kinasema huungui. Kifaa chetu ndicho kinachosema uongo."

Mama Sechelela alishusha blauzi taratibu, akafunga vifungo vyote kabla ya kugeuka.

"Kumbe," alisema. "Mwanangu mkubwa aliniambia uzee umenianza. Mchungaji akaniombea niondolewe roho ya manung'uniko. Daktari wa zahanati akanipa vidonge vya wasiwasi, binti, vya wasiwasi! Nimevimeza siku ishirini na moja. Vinanilaza mchana kama mlevi. Kwa nini alinipa? Kwa sababu aliwapigia ninyi, na ninyi mkamwambia hakuna tatizo."

"Ni mimi niliyesema hivyo."

"Najua ni wewe. Sauti yako naijua."

Nyemo alikunja kitambaa, akakilowesha kwenye maji ya mtungi na kuuweka ubaridi ule mgongoni mwa mama. Alipokuwa anafanya hivyo aliona jambo jingine kwenye simu yake. Palikuwa na mstari unaoonyesha prosesa inafanya kazi kiasi gani. Mtu akitembea mlimani hufika sitini kwa mia, na akikaa hushuka hadi nane au tisa.

Mstari wa Mama Sechelela ulikuwa tisini na moja.

"Mama, unasogeza miguu?"

"Nimekaa, si unaniona?"

Alikuwa amekaa kweli. Miguu yake ilikuwa imetulia vumbini, viatu vya plastiki vimelala ubavu. Lakini nguzo yake ilikuwa inafanya kazi kama mtu anayekimbia kupanda ngazi.

"Basi," Nyemo alisema polepole, "kuna mtu mwingine anayetembea kwa mgongo wako."

* * *

Jibu lilikuwepo Taasisi, halikufichwa mbali. Lilikuwa limewekwa mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kutazama.

Alianza na namba za joto. Kihisi kilichomo ndani ya prosesa hakijui joto, hilo Nyemo alilifahamu tangu chuoni. Kinachojua ni umbali tu: nyuzi ngapi zimebaki kufika kwenye kikomo kilichowekwa kiwandani. Kikomo cha nguzo ni hamsini. Kihisi kikisema zimebaki tano, programu ya ndani ya nguzo inachukua hamsini, inatoa tano, na skrini inaandika arobaini na tano. Kila kitu kinategemea ile hamsini, na ile hamsini imeandikwa kwenye jedwali, na jedwali linaweza kuandikwa upya.

Alilifungua. Mahali pa hamsini palikuwa na arobaini na nne.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kihisi kilisema kweli kila sekunde tano, na hesabu ikakigeuza mwongo. Nyuzi sita zilinyofolewa kwenye kila mgongo. Aliyepaswa kuzimiwa kifaa akifika arobaini na mbili aliachwa mpaka arobaini na nane, na huku simu yake inamwonyesha kijani. Badiliko hilo lilikuwa na miezi kumi na minne, na jina la aliyelifanya lilikuwa K. Ishengoma.

Kisha akafuatilia ile kazi iliyokuwa inakimbia ndani ya mgongo wa mtu aliyekaa. Nguzo mpya inapopandikizwa haijui mwili wa mwenyewe. Kwa miezi minane au tisa lazima ijifunze kila hatua, na kujifunza huko kunahitaji nguvu nyingi za prosesa kuliko nguzo moja inavyoweza. Mwanzoni Taasisi ilikuwa na mashine kubwa za kusaidia. Zilipoharibika hazikununuliwa nyingine. Badala yake kazi ile iligawiwa, kupitia mtandao wa simu, kwenye nguzo za watu waliokwisha kuzoea. Mgongo wa Mama Sechelela ulikuwa unambeba Nakembetwa Kitundu, mwalimu wa hesabu huko Iramba, aliyepandikizwa nguzo mwezi mmoja na nusu uliopita, akasimama wiki tatu zilizopita.

Wapya waliobebwa hivyo walikuwa mia tisa na kumi. Hakuna aliyebeba aliyeulizwa. Hakuna aliyebebwa aliyeambiwa.

Nyemo aliinuka, akaenda moja kwa moja ghorofa ya juu, akaingia bila kubisha.

Daktari Kokutona Ishengoma, mkurugenzi wa Taasisi, alikuwa dirishani, amesimama. Alipenda kusimama. Dodoma nzima iliijua habari yake: siku ya uzinduzi aliletwa jukwaani kwa kiti cha magurudumu, akashuka kwa miguu yake, na watu wazima wakalia.

"Nyuzi sita," Nyemo alisema.

Daktari hakujifanya haelewi. "Funga mlango."

"Sifungi."

"Sawa, uache wazi." Aligeuka. "Unataka nikuambie nini? Kile kikomo cha arobaini na mbili kiliandikwa na watu waoga, kwa ajili ya wagonjwa wa nchi za baridi. Tulipima upya. Wengi hawadhuriki mpaka arobaini na nne na zaidi."

"Wengi."

"Ndiyo, wengi. Dawa gani isiyomdhuru mtu?"

"Dawa ina karatasi ndani ya boksi, Daktari. Inaandikwa madhara yake. Wewe uliandika kijani."

Daktari alitembea hadi kwenye meza, kwa hatua zile nzuri, sawasawa, ambazo picha zake zilikuwa kwenye kuta za Taasisi.

"Mia tisa na kumi," alisema. "Unawajua? Mimi nawajua. Ukirudisha hamsini mahali pake, nguzo zinazobeba zitajizima leo hii. Ukizuia kubebana, mia tisa na kumi wanarudi kwenye viti, na wanaosubiri foleni hawatasimama kamwe. Kuna binti wa Bahi aliyemnyanyua mtoto wake jana kwa mara ya kwanza. Nenda ukamwambie amshushe. Nenda wewe, mhandisi."

"Kwa nini hukuwaomba wanaobeba?"

"Kwa sababu anayetembea husahau upesi alivyotambaa. Wangekataa."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu mimi ningekataa!" Sauti ya Daktari ilipasuka. Akashika ukingo wa meza. "Unadhani mimi sibebi? Nabeba watatu. Nenda kwa muuguzi ukaulize mgongo wangu ukoje. Nalala kifudifudi mwaka wa pili huu."

Nyemo aliamini. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba mwanamke huyu hakuwa mwizi wa kawaida. Lakini hasira yake haikupungua. Ilipata tu mahali pa kusimama.

"Wewe ulijua unachobeba," alisema. "Ukiungua ulijua ni nini, ukaenda kwa muuguzi ukafungwa dawa. Mama Sechelela aliambiwa ana wasiwasi. Alimezeshwa vidonge. Aliombewa atolewe pepo! Na mimi, Daktari, umenitumia mimi. Umenipa namba za uongo nikawasomea watu kwa sauti nzuri."

Daktari Ishengoma alinyanyua simu ya mezani. "Ninaagiza ruhusa zako zifungwe," alisema kwa upole wa kutisha. "Mpaka saa sita utakuwa huna hata ufunguo wa choo. Nenda nyumbani, Nyemo. Ukitulia tutaongea."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

* * *

Nyemo alirudi kwenye chumba cha vipimo, akawaomba wenzake wawili watoke nje. Walimwona uso, wakatoka.

Kurudisha hamsini kulihitaji sekunde mbili. Kidole chake kilikuwa tayari. Kisha akajilazimisha kuhesabu kitakachotokea baada ya hizo sekunde mbili. Kwa joto la mchana ule, nguzo elfu moja mia tatu na kumi na sita zilikuwa juu ya arobaini na mbili kwa kweli. Zote zingejizima papo hapo. Watu elfu moja mia tatu na kumi na sita wangepoteza miguu kwa wakati mmoja, na baadhi yao walikuwa kwenye ngazi, barabarani, kando ya visima, wamebeba watoto na masufuria ya moto. Na wale mia tisa na kumi wangeanguka nao, bila hata kujua wameangushwa na nini.

Angeacha, wangeendelea kuungua, na kesho asingekuwa na mkono tena wa kuwafikia.

Palikuwa na njia ya ujumbe wa dharura. Iliwekwa kwa ajili ya tetemeko la ardhi na haikuwahi kutumika. Ukiutuma, simu ya kila mvaaji inausema kwa sauti, hata kama imezimwa mlio, na nguzo yenyewe inatetema mara tatu mgongoni. Nyemo aliandika haraka, akafuta, akaandika tena:

"Kaa chini sasa hivi, popote ulipo. Kama unaendesha, simama pembeni. Mwenye mtoto mikononi, mweke chini. Baada ya dakika kumi miguu yako inaweza kuzimika. Kifaa chako ni cha moto kuliko tulivyokuambia. Tulikudanganya."

Akatuma.

Kwenye skrini, pembeni ya kila jina, palikuwa na neno moja: amesimama, anatembea, ameketi, amelala. Kwa sekunde kadhaa hakuna kilichobadilika. Kisha neno moja likageuka, halafu kumi, halafu mengi kiasi kwamba jicho halikuweza kuyafuata. Ameketi. Ameketi. Ameketi. Sokoni Majengo, katikati ya nyanya, kanisani, kwenye foleni ya benki, kwenye kokoto za reli, watu waliokuwa wamesubiri miaka wasimame walikuwa wanakaa chini mchana kweupe, mbele za watu. Nyemo alisikia machozi yanashuka, lakini hayakuwa ya huzuni. Yalikuwa ya hasira.

Dakika ya saba walibaki sitini waliosimama. Dakika ya tisa, arobaini na mmoja.

"Futa," sauti ilisema nyuma yake.

Daktari Ishengoma alikuwa mlangoni, simu mkononi bado inarudia ule ujumbe. Alikuwa anahema. Alikuwa ameshuka ngazi mbio.

"Futa, Nyemo. Waambie ni hitilafu. Bado tunaweza kusema ni hitilafu."

"Kaa chini, Daktari."

"Sikai."

"Nguzo yako iko arobaini na tatu nukta moja. Naiona hapa. Kaa chini, nakuomba."

"Nilikaa miaka tisa," Daktari alisema. "Sikai tena kwa amri ya mtu."

Nyemo alisubiri mpaka dakika ya kumi, halafu ya kumi na moja, halafu ya kumi na mbili. Waliosimama walikuwa kumi na tisa, na saa ilikuwa inakwenda sita. Akafuta arobaini na nne, akaandika hamsini.

Rangi nyekundu ilienea kwenye skrini kama mafuta juu ya maji. Nyuma yake alisikia kishindo cha bega kwenye mbao. Aliruka. Daktari alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, miguu imelegea chini yake kama vitambaa, vidole vinateleza. Nyemo alimdaka kwapani kabla kichwa hakijagonga sakafu, wakashuka pamoja polepole, uzito wote mapajani mwake. Alikuwa bado amemkasirikia, na alikuwa amemkumbatia.

Daktari hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Wangapi wameanguka?"

Nyemo alinyoosha shingo kuitazama skrini. "Kumi na mmoja. Pamoja na wewe."

"Yajue majina yao," Daktari alisema. "Mimi nilijua majina ya wangu."

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Nyemo alimwegemeza ukutani, akarudi kwenye kiti, akazima kazi ya kubebana na kutuma ujumbe wa pili, na hapo ndipo mlinzi alipofika. Ujumbe ulisema hivi: kuanzia leo simu yako itakuonyesha joto la kweli. Mgongo wako ulikuwa unafanya kazi ya mtu mwingine bila ridhaa yako. Kazi hiyo imesimamishwa. Ukitaka kumbeba mtu, bonyeza hapa, na ukitaka kumtua, bonyeza hapa, saa yoyote.

Mpaka jua linazama, waliobonyeza kukubali walikuwa sitini na watatu. Nguzo zilipopoa, wavaaji wa zamani walisimama tena mmoja mmoja. Wapya walibaki chini, wote isipokuwa wale waliopata mtu wa kuwabeba.

* * *

Nyemo alifukuzwa siku ileile, na wiki iliyofuata serikali ikaunda tume, na Daktari Ishengoma akasimamishwa kazi. Magazeti yalimwita Nyemo shujaa kwa siku mbili. Yeye alizitumia siku hizo kuyajua majina. Fundi seremala wa Manyoni alikuwa amevunjika nyonga. Bibi mmoja wa Kongwa aliungua mkono kwa uji. Alikwenda kwa kila mmoja, akasema, "Ni mimi niliyezima." Seremala alimtupia kikombe. Nyemo alikiokota, akakiweka mezani, akakaa kusikiliza mpaka alipomaliza kutukana.

Siku ya tano Mwalimu Nakembetwa Kitundu alimpigia simu kutoka Iramba. Alikuwa ameipata namba yake kutoka tume.

"Nilikuwa darasani," alisema. "Naandika ubaoni, nimesimama. Wanafunzi hawakuwahi kuniona nimesimama kabla ya mwezi huo. Ujumbe ukaja nikakaa sakafuni, na chaki mkononi. Sijainuka tena."

"Samahani sana, Mwalimu."

"Sikukupigia kwa ajili ya samahani. Nimekasirika, lakini sijui nimkasirikie nani, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wiki tatu nilitembea kwa ngozi ya mtu. Nani huyo?"

Nyemo alimwambia asubiri. Hakuwa yeye wa kulitoa jina hilo. Akapiga Mpunguzi.

Mama Sechelela alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalipuka.

"Mlinifanya punda! Na afadhali punda, punda anauona mzigo wake. Sasa huyo mwalimu anataka nini, nimbebe tena?"

"Anataka kujua ni nani, mama. Hajaomba kitu."

"Na wewe, unaniombea?"

"Hapana. Sina haki hiyo."

Nyuma ya simu palisikika mkasi, kacha, kacha, kacha, ukikata matawi.

"Aje mwenyewe," Mama Sechelela alisema. "Si kwa simu. Aje nimwone."

Walifika Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, kwa gari la mjomba wa mwalimu. Nyemo alisukuma kiti cha magurudumu katikati ya mistari ya mizabibu, magurudumu yakizama mchangani. Mwalimu Nakembetwa alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini, amevaa shati la kazini, lililopigwa pasi. Mama Sechelela hakuacha kupogoa. Bandeji nyeupe ilionekana chini ya blauzi yake. Aliwaacha wasubiri mpaka akamaliza mstari mzima.

"Ulijua?" alimwuliza mwalimu, bila kumwangalia.

"Sikujua, mama."

"Ungejua, ungekataa?"

Nyemo alimwona mwalimu anatafuta jibu la heshima, kisha akaliacha.

"Sidhani," alisema. "Mungu anisamehe. Sidhani kama ningekataa."

Mama Sechelela aligeuka sasa, akamtazama vizuri, kutoka viatu visivyo na vumbi mpaka usoni. Alikuwa bado amekasirika, na alikuwa na haki. Lakini mtu huyu hakumdanganya.

"Basi omba," alisema.

"Naomba unibebe, Mama Sechelela."

Alichomeka mkasi kwenye mkanda, akatoa simu mfukoni. Namba ilikuwa thelathini na nane nukta mbili.

"Asubuhi tu, mpaka saa tatu. Jua likipanda, unakaa, hata kama uko katikati ya sentensi. Ikifika arobaini na moja nakutua, na sikuulizi. Siku nisipotaka, sitaki, wala sitakueleza kwa nini."

"Nimekubali, mama."

Nyemo alisogea kumwonyesha pa kubonyeza.

"Kidole chako kikae mbali," Mama Sechelela alimwambia. "Nimeona."

Alibonyeza mwenyewe. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha goti la mwalimu likaruka, akashika nguzo ya mzabibu kwa mkono mmoja na bega la mjomba wake kwa mwingine, na akaanza kuinuka, mwili wote ukitikisika, mpaka akawa amesimama wima kati ya majani. Mjomba alikuwa anapiga kelele za furaha. Mwalimu alimgeukia Mama Sechelela ili amshukuru, uso umelowa.

Mama Sechelela hakumwona. Alikuwa amekunja uso, simu ameiinua karibu na macho, na alikuwa anasoma namba.